Sikio la Mbwa na Chupa ya Karafuu

Mlinzi wetu ndiye aliyeanza kuisikia ile harufu. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam mbwa huwa na wenyewe wawili. Wa kwanza ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye kadi ya chanjo. Wa pili ni yule anayemlisha, anayemfungulia usiku, anayejua leo ana raha au hana. Kwetu huyo wa pili ni mzee anayelinda geti. Asubuhi moja ya masika alinisimamisha nikielekea kazini akaniambia, "Mama, sikio la Bobi linanuka kama togwa iliyochacha."

Nikaliinua sikio. Ndani kulikuwa na nta nzito ya rangi ya kahawa, ngozi imekuwa nyekundu, na nilipogusa tu mguu wa nyuma wa Bobi ukaanza kukuna hewa. Jioni yake jirani yetu, bibi wa Kipemba ambaye ni kama mama kwangu, akaja na kichupa cha mafuta ya karafuu. Yalikuwa safi, yametoka moja kwa moja kisiwani. "Mwanangu, hii jino inatuliza, tumbo inatuliza, sikio litakuwa nini? Mtie matone mawili tu."

Nikamtia. Bobi alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake tangu alipokuwa mtoto, akaingia chini ya gari na hakutoka hadi usiku. Alitikisa kichwa siku mbili mfululizo. Siku ya tatu pembe ya sikio ilikuwa imevimba kama andazi, mishipa midogo ya damu imepasuka ndani kwa sababu ya kule kutikisa, na damu imekusanyika kati ya ngozi na gegedu.

Simlaumu jirani yangu. Alinipa kilicho bora kati ya alivyokuwa navyo, na katika jambo moja alikuwa sahihi kabisa: mafuta ya karafuu yanaua fangasi. Hilo halina ubishi. Ninachobishia ni imani kwamba kuua fangasi ndiyo kazi yenyewe. Kwenye sikio la mbwa fangasi si mgeni aliyevunja mlango akaingia. Ni mpangaji wa siku zote aliyepewa nafasi ya kujitanua, na asipojulikana aliyempa nafasi hiyo, tutamwaga mafuta mwaka mzima na mwaka unaofuata.

Jina lake la kitaalamu ni Malassezia pachydermatis. Ni fangasi wa jamii ya hamira, na historia ya jina hilo inanivutia kila ninapoikumbuka. Sehemu ya kwanza inamkumbuka Mfaransa Louis-Charles Malassez, ambaye mwaka 1874 alieleza fangasi wa jamii hii kwenye mba za kichwa cha binadamu. Sehemu ya pili haina uhusiano wowote na mbwa. Mwaka 1925 mtafiti aliyeitwa Weidman alimpata fangasi huyu kwenye ngozi ya kifaru wa India iliyokuwa inabanduka, akampa jina linalotokana na wanyama wenye ngozi nene. Miaka ya baadaye ndipo ilipodhihirika kwamba makazi yake makubwa ni mbwa, hasa masikio, midomo, kati ya vidole na sehemu za kinyeo. Tena mbwa wazima, wasioumwa chochote. Ukichukua pamba ukasugua sikio la mbwa mwenye afya njema, mara nyingi utawakuta wachache humo, wametulia.

Kinachowafanya waongezeke ni mabadiliko ya mazingira yao: unyevu, joto, nta nyingi na ngozi iliyowaka. Madaktari wa ngozi za wanyama hufundishwa kuvitenganisha visababishi vya sikio kuuma. Kuna chanzo chenyewe, kama mzio, utitiri wa sikio, mbegu ya nyasi iliyozama ndani, au tezi ya shingo isiyotoa homoni ya kutosha. Kuna mazingira yanayorahisisha, kama masikio yaliyolala, nywele nyingi ndani ya mfereji, au kuogelea mara kwa mara. Kisha ndipo wanakuja fangasi na bakteria, ambao huhesabiwa kuwa matokeo ya pili. Na mwisho kuna yale yanayofanya ugonjwa usiishe hata chanzo kikiondolewa: mfereji ulionenepa kwa uvimbe wa muda mrefu, au kiwambo cha sikio kilichotoboka. Katika mpango huo wote, mafuta ya karafuu hata yakifanya kazi kwa ukamilifu yanagusa sehemu moja tu, na ni ile ya matokeo.

Kati ya vyanzo vyote, mzio ndio unaoongoza. Hapa kuna imani moja ya mtaani ambayo ningependa tuiache. Watu husema mbwa mwenye masikio yaliyosimama haugui masikio, eti hewa inapita. Bobi ni chotara wa German Shepherd na masikio yake yamesimama kama antena. Hewa inapita kweli, lakini uzao huo unajulikana kwa kupata mzio wa ngozi, na ngozi ya mfereji wa sikio ni ngozi kama nyingine. Ikiwaka tumboni na kwapani, itawaka na sikioni, na fangasi hawatajali sikio limeelekea wapi.

Sasa nirudi kwenye mafuta, maana nadhani lugha yetu wenyewe imechangia makosa yangu. Kiswahili kina neno moja, mafuta, kwa vitu viwili ambavyo kikemia havina undugu. Kuna mafuta ya kukamua: nazi, ufuta, alizeti, mwarobaini. Hayo ni mazito, ukiyadondosha kwenye karatasi doa halitoki, na ukiyapaka mwilini yanalainisha. Halafu kuna mafuta ya kukeneka, ambayo hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani, maua, maganda au vikonyo, kisha mvuke ukapozwa na mafuta yakatenganishwa na maji. Vitabu vya kemia huyaita mafuta tete kwa sababu yanaruka hewani. Hivyo ndivyo yanavyotengenezwa yale ya kiwanda cha makonyo kule Wawi, Pemba, ambako vikonyo vya karafuu vinavyobaki baada ya kuchambua havitupwi. Tunaposikia "mafuta ya karafuu" akili inatupeleka kwenye ulaini wa nazi. Lakini kilichomo ni yujenoli, kemikali ya kundi la fenoli, ambayo katika mafuta safi ya karafuu ndiyo sehemu kubwa kuliko vingine vyote vikijumlishwa. Yujenoli inatia ganzi, ndiyo maana jino linatulia. Inachoma pia, na aliyewahi kuigusisha kwenye ufizi au ulimi anajua.

Tena jina moja sokoni halina maana ya kitu kimoja. Chupa mbili zinaweza zote kuandikwa karafuu, moja ikiwa mafuta safi kutoka kwenye mtambo na nyingine ikiwa nazi iliyotiwa harufu kwa ajili ya kuchulia mwili. Ya pili haitafanya kitu kwa fangasi. Ya kwanza itafanya kwa fangasi na kwa sikio pia.

Utafiti wa maabara kuhusu jambo hili upo na ni wa kweli. Mwaka 2002 watafiti wa Ulaya walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba mafuta ya mti wa Australia uitwao Melaleuca alternifolia, yale yanayouzwa kote kwa jina la tea tree, yanazuia Malassezia pachydermatis waliochukuliwa kwa mbwa wenye maradhi ya ngozi. Baada ya hapo zimefuata kazi nyingi juu ya zaatari, oregano, mdalasini, mchaichai na karafuu. Nyingi zinasema jambo linalofanana: mafuta yenye fenoli nyingi, kama thimoli ya zaatari, kavakroli ya oregano na yujenoli ya karafuu, yana nguvu hata kwa kiasi kidogo.

Lakini tuangalie yanavyofanya kazi. Chembe hizi zinapenda mafuta kuliko maji, kwa hiyo hujipenyeza kwenye utando unaoizunguka seli ya fangasi, ule utando ukalegea, na vilivyomo ndani vikavuja. Ni njia nzuri ya kuua. Tatizo lake ni kwamba seli ya ngozi ya mbwa nayo ina utando wa mafuta. Linganisha na dawa za kawaida kama klotrimazoli na mikonazoli. Hizo huzuia fangasi kutengeneza ergosteroli, kiungo cha utando wake ambacho mwili wa mbwa hauna, maana mnyama anatumia kolesteroli. Kwa dawa ya aina hiyo kuna pengo pana kati ya kiasi kinachomdhuru fangasi na kiasi kinachomdhuru mbwa. Kwa yujenoli pengo ni jembamba, na mtu anayedondosha kutoka kwenye chupa ya sokoni hana namna ya kujua kama amelivuka.

Isitoshe, sahani ya maabara si sikio. Kwenye sahani fangasi wako peke yao, mafuta yamechanganywa sawasawa na yanawafikia wote. Kwenye sikio kuna nta, usaha, seli zilizokufa, na fangasi wamejengea humo utando wao unaonata ambamo hujikinga pamoja. Mfereji wa sikio la mbwa haukunyooka kama wetu. Unashuka chini kisha unakata kona kuingia ndani, kama herufi L. Tone likidondoka juu na uchafu ukiwa umeziba kona, linaishia kwenye sehemu ya kusimama, linaunguza pale, na kule ndani fangasi wanaendelea na maisha yao. Na kwa kuwa ni mafuta tete, sehemu yake inaruka hewani, ambako pua ya mbwa, yenye uwezo wa kunusa usiolinganishika na wetu, inalazimika kukaa nayo mchana na usiku kwa umbali wa shubiri moja. Sijui kwa nini nilihitaji kuambiwa hilo. Nilipaswa kulifikiria mwenyewe.

Kuna waliovuka kutoka sahani hadi mbwa halisi. Kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, kilichapisha mwaka 2017 matokeo ya kutumia mchanganyiko wa mafuta ya mimea ya Mediterania kwa mbwa wenye mzio waliokuwa na fangasi masikioni, na matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Watetezi wa mafuta huitaja kazi hiyo, nami naitaja kwa furaha, ila naomba isomwe yote. Mafuta yale yalichunguzwa kwanza ili ijulikane kila kimoja kina nini. Yalizimuliwa hadi viwango vidogo. Mbwa walikuwa wamekwisha pimwa, fangasi wameonekana, mzio umejulikana. Yaani kila hatua ambayo mimi niliiruka ndiyo iliyofanya jaribio lile liwe na maana. Majaribio ya namna hiyo bado ni machache na mbwa waliohusishwa ni wachache, kwa hiyo yanatufungulia mlango wa kuendelea kutafiti. Hayaruhusu mtu kuchukua kichupa kabatini.

Kuhusu hatari tuna takwimu nzito zaidi. Mwaka 2014 jarida la chama cha madaktari wa wanyama cha Marekani lilichapisha uchambuzi wa mbwa na paka 443 waliopata sumu ya mafuta safi ya tea tree kati ya mwaka 2002 na 2012. Mbwa walikuwa 337. Walitokwa na mate, walilegea, waliyumba, walishindwa kusimama, wengine walitetemeka. Dalili zilianza saa chache tu baada ya kupakwa. Na sehemu ninayoirudia kila ninapozungumza na wafugaji ni hii: katika takriban visa 9 kati ya 10, mafuta yalitumiwa kwa makusudi na mwenye mnyama, akitaka kumtibu. Haikuwa ajali ya chupa kuanguka. Walikuwa watu kama mimi, wenye huruma kama yangu. Kwa paka ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ini lake halina uwezo mzuri wa kuzivunja na kuzitoa kemikali za kundi la fenoli. Anayefuga paka asijaribu kabisa.

Kisha kuna kiwambo. Mwisho wa ule mfereji wenye kona kuna ngozi nyembamba inayotenga sikio la nje na la kati. Uvimbe wa muda mrefu unaweza kuitoboa, na kwa nje huwezi kujua. Kitu kikali kikipita pale kinafika kwenye viungo vya kusikia na vya kumfanya mnyama asimame bila kuyumba. Katika jaribio moja lililofanywa kwa simbilisi, mafuta safi ya tea tree yaliyowekwa kwenye sikio la kati kwa nusu saa yalipunguza usikivu wa sauti nyembamba, ilhali yaliyozimuliwa hadi asilimia 2 hayakuacha athari ya kudumu. Mbwa mwenye sikio linalouma ambaye ameanza kuinamisha kichwa upande mmoja, anayezunguka, au ambaye macho yake yanacheza, huyo asitiwe chochote sikioni. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Hata baadhi ya dawa za hospitali na dawa za kusafishia hazifai kwa sikio ambalo kiwambo chake kimetoboka, na ndiyo maana daktari huchungulia kwanza.

Wengi watasema: basi nitazimua kwa nazi au zeituni. Kuzimua ni bora kuliko kutozimua, nakubali. Lakini fikiria unamzimulia nani. Jamii nzima ya Malassezia imepoteza uwezo wa kujitengenezea asidi za mafuta, inategemea kuzipata nje, ndiyo maana inaishi kwenye ngozi yenye mafuta na masikio yenye nta. Maabara zinazotaka kuotesha ndugu wa fangasi huyu wanaokaa kwa binadamu hufunika sahani kwa mafuta ya zeituni ili wapate chakula. Kuna asidi za mafuta ambazo kwa kiasi fulani zinawakera, na nazi inazo, kwa hiyo sisemi kila tone la nazi ni karamu yao. Nasema sikio lililojaa mafuta ya kupikia, kwenye joto la Dar, mwezi wa nne, limekuwa na unyevu na mafuta zaidi kuliko lilivyokuwa, na huo ndio uliokuwa ugonjwa.

Nisiwaonee wenye chupa peke yao. Kabla ya jirani kuja, nilikuwa nimepita kwenye duka moja la dawa za mifugo na nikauziwa dawa ya matone yenye mchanganyiko wa antibayotiki, dawa ya fangasi na steroidi. Aliyeniuzia hakuuliza mbwa ana miaka mingapi. Aliuliza tu, "La nje au la ndani?" nami sikujua jibu. Mwaka uliotangulia pia kliniki moja ilimpa Bobi dawa ya aina hiyo hiyo bila kupima chochote, akapona wiki mbili, akarudi palepale. Steroidi ilishusha uvimbe, dawa ya fangasi ikapunguza fangasi, sote tukafurahi, na chanzo kikabaki kimekaa. Nikipima kwa haki, kosa la kliniki ile na kosa la karafuu ni kosa moja. Wote tulitibu sikio ambalo hakuna aliyeliangalia.

Kuangalia kwenyewe ni rahisi mno kiasi kwamba inaniuma. Daktari aliyemwokoa Bobi safari hii alimlaza, akachukua kijiti cha pamba, akakizungusha ndani ya mfereji, akakisugua kwenye kioo chembamba, akakichovya kwenye rangi tatu kwa zamu, akakiosha kwa maji. Kisha akadondosha tone moja la mafuta maalumu juu ya kioo na kusogeza lenzi kubwa ya hadubini hadi ikaligusa. Hilo ndilo tone la mafuta lililomsaidia mbwa wangu. Akaniita nitazame. Niliona vidude vya zambarau, vingi, vimekusanyika, kila kimoja na kiuno chembamba kama karanga yenye mbegu mbili. "Hao ndio fangasi wako, mama," akasema. "Bakteria sioni. Kwa hiyo antibayotiki ya nini?" Kazi yote haikuchukua robo saa.

Hiyo robo saa ndiyo ninayoidai kwenye makala hii. Kwa kupima hivyo unajua kama ni fangasi, bakteria wa mviringo au bakteria wa umbo la fimbo, kwa sababu kila mmoja ana dawa yake. Unajua wako wangapi, ili ukirudi baada ya wiki mbili ujue wamepungua au la. Utitiri ukiwepo utauona, na hapo utakuwa umeokoa fedha za dawa zote nyingine. Wahitimu wetu wa udaktari wa wanyama, wawe wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro au wa Kabete jijini Nairobi, wamefundishwa kazi hii. Sisi wenye mbwa ndio hatuiombi. Tunaingia kliniki tukidai dawa, tukipewa dawa tunaondoka tumeridhika, na daktari anayetaka kupima kwanza tunamwona anatafuta fedha.

Pamoja na hayo yote, sitaki msomaji aondoke akidhani utafiti wa mafuta haya ni upuuzi. Kuna sababu nzito ya kuufanya. Katika nchi kadhaa wameshapatikana fangasi wa aina hii wasiosikia vizuri dawa za kundi la azoli, lile la klotrimazoli na mikonazoli, hasa kwa mbwa waliotibiwa mara nyingi bila kuisha ugonjwa. Utando wa seli ukishambuliwa sehemu nyingi kwa pamoja, kama mafuta ya mimea yanavyofanya, fangasi hapati njia rahisi ya kukwepa. Huenda siku moja mchanganyiko wa yujenoli kidogo na azoli kidogo ukafanya kazi ambayo kila kimoja peke yake hakiwezi, na ikabidi kutumia kidogo cha vyote viwili.

Na sisi tunayo malighafi. Karafuu ni ya Zanzibar. Mchaichai unaota uani. Hata ile tea tree ya Australia inalimwa na wakulima wadogo kwenye miteremko ya Mlima Kenya, wanaoikeneka na kuiuza Ulaya ikaingizwa kwenye sabuni na vipodozi. Huko Kakamega kikundi cha wakulima wanaopakana na msitu kinalima aina ya mrehani yenye harufu ya kafuri na kutengeneza marhamu ya kuchua. Naona aibu kwamba tunakeneka, tunafungasha, tunasafirisha, halafu utafiti wa sikio la mbwa unafanyika Italia. Swali ambalo mtafiti wa Morogoro angeweza kulishika si kama karafuu inaua fangasi. Hilo limekwisha jibiwa. Ashike haya: ni asilimia ngapi ya yujenoli ambayo ngozi ya mfereji ulioungua inaweza kuvumilia kwa siku 14? Ibebwe na nini kisicholisha fangasi? Makonyo ya msimu huu yana kemikali ileile na ya msimu uliopita? Chupa ikikaa dukani miezi sita kwenye joto na mwanga, kilichomo ni kilekile? Kwa tea tree tunajua hakibaki kilekile. Mafuta yakizeeka na kushika hewa hutoa kemikali mpya zinazosababisha mzio wa ngozi zaidi kuliko yale mapya, na kumtia mbwa mwenye mzio kitu cha kumletea mzio mwingine ni kumwongezea moto.

Siku majibu hayo yakipatikana, dawa ikatengenezwa kwa kipimo, ikapelekwa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, ikasajiliwa, nitakuwa wa kwanza kuinunua, na jirani yangu nitampelekea chupa yake.

Bobi aliwekewa mrija mdogo damu itoke sikioni. Alisafishwa mfereji, akapewa dawa ya fangasi peke yake pamoja na steroidi ya siku chache ili mfereji ufunguke. Baada ya wiki mbili kioo kilikuwa karibu kitupu. Kisha ndipo daktari akaanza kazi niliyoiona ngumu kuliko zote: kutafuta chanzo. Tukadhibiti viroboto kwanza. Vilipoisha na kuwashwa hakukuisha, akatuambia tujaribu chakula. Wiki nane, ugali na nyama ya mbuzi peke yake, nyama ambayo Bobi hakuwahi kulishwa, bila mfupa wa bucha, bila dagaa, bila mabaki ya mezani.

Wiki nane si mchezo kwenye nyumba yenye watoto, wageni na mlinzi ambaye kwa miaka minne amekuwa akigawana chakula chake cha usiku na mbwa. Wiki ya tatu tulianza upya kwa sababu ya mchuzi wa ng'ombe. Mzee alikuja kuniambia mwenyewe, amesimama mlangoni na kofia mkononi: "Mama, nilimpa mimi. Aliniangalia." Sikuwa na neno la kumjibu. Mimi nilimtia karafuu.

Wiki ya nane ilipoisha masikio yalikuwa makavu na ya rangi ya waridi. Daktari akasema turudishe nyama ya ng'ombe tuone. Siku ya tano Bobi alianza kulamba miguu, siku ya tisa sikio la kulia likawa jekundu. Nyama ya ng'ombe imo kati ya vyakula vinavyotajwa mara nyingi zaidi kwenye mzio wa mbwa, na kwetu ndiyo tuliyokuwa tukimlisha kila siku kwa kumpenda.

Sasa kila Jumamosi jioni, kabla ya kufungua geti la nyuma, mzee humwita Bobi, hulikunja sikio moja kisha la pili, hunusa, na kuniambia alichokisikia. Masika iliyopita alisema la kushoto limebadilika kidogo. Kesho yake tulikuwa kliniki, daktari akachukua kijiti chake cha pamba. Kichupa cha karafuu kiko jikoni, kwenye rafu ya juu. Mwezi uliopita jino liliniuma, nikakishusha.